Bendi Mbovu, Mtu Mmoja, Saa 48

Umeamua kuingia CQ World Wide mwaka huu. Huna timu. Una redio ya wati 100, waya uliofungwa juu ya mwembe na kiti kimoja. Siku mbili kabla ya kuanza unaangalia takwimu za jua, unakuta hali ni mbaya. Usifungashe. Hali hiyo inawapata wote, kuanzia Nairobi hadi New York, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nzuri ya kubaki kitini.

Sababu yenyewe ni hii. Dhoruba ya sumaku inapotibua bendi, njia zinazoumia kwanza ni zile zinazopita karibu na ncha ya kaskazini: Ulaya kwenda Marekani ya magharibi, Ulaya kwenda Japani. Njia ya Ulaya kuja kwetu inashuka kaskazini kwenda kusini, mbali na ncha hiyo. Mshindani wa Italia au Ujerumani akikosa Japani, antena yake ataigeuza kusini. Na kusini uko wewe. Mbinu karibu zote zinazofuata zinategemea jambo hilo.

Kwanza kanuni, kwa ufupi. Mashindano ya sauti ni wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, ya CW ni wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Yanaanza 0000 UTC Jumamosi, yaani saa tisa usiku kwa saa zetu, na yanakwisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Bendi ni sita: mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10. Mnapeana ripoti ya usikivu na namba ya zoni. Kenya, Tanzania na Uganda ni zoni 37. Rwanda, Burundi na Kongo ni zoni 36. Mtu wa bara jingine anakupa pointi 3, wa nchi nyingine ya Afrika pointi 1, wa nchi yako sifuri. Jumla ya pointi inazidishwa kwa idadi ya zoni na nchi ulizozipata katika kila bendi. Hivyo ndivyo vizidishi, na vina mambo yake huko mbele.

Chagua kundi linalokufaa kabla hujagusa kitu kingine. Nguvu ndogo ni hadi wati 100. Kama Jumatatu asubuhi unatakiwa kazini, ongeza Classic: redio moja, bila msaada wa klasta, na saa 24 tu kati ya 48. Bendi zikiwa mbovu hili ni kundi zuri sana, kwa sababu unachagua saa nzuri na kuziacha mbaya. Kumbuka mapumziko yasiyofika dakika 60 hayahesabiwi kuwa mapumziko. Kama una leseni isiyozidi miaka mitatu, lipo kundi la Rookie. Leseni yenyewe iwe hai, ya TCRA kwa Tanzania au Communications Authority kwa Kenya.

Safisha kelele kwanza

Hapa ndipo utakapopata faida kubwa kuliko kwenye antena mpya. Ishara zikiwa dhaifu, kelele za nyumbani kwako ndizo zinazozifunika.

Alhamisi, saa mbili usiku, iweke redio kwenye betri. Nenda mita 40, tafuta mahali patupu, soma mita ya S. Tuseme inasimama S7. Sasa mtu akuzimie swichi kuu ya nyumba huku ukiiangalia sindano. Ikishuka hadi S4, kelele ni zako mwenyewe, na ni habari njema. Kila S moja ni desibeli 6 kwa kipimo rasmi, kwa hiyo umeondoa desibeli 18. Ni sawa na kila anayekuita kuongeza nguvu zake zaidi ya mara 60.

Rudisha umeme, saketi moja baada ya nyingine, kisha kifaa kimoja kimoja. Washukiwa wakuu ni chaja za simu za bei ya chini, taa za LED, adapta ya king'amuzi, inveta, na kidhibiti chaji cha sola. Ukimpata mkosaji, mchomoe wikiendi nzima. Kisichoweza kuzimwa, kama friji, kizungushie waya wake kwenye feraiti mara kadhaa.

Kelele ikibaki hata nyumba ikiwa giza, chukua redio ndogo ya betri yenye AM. Itege mahali pasipo na stesheni, kisha tembea nayo uani. Mlio unapozidi, umekaribia. Mara nyingi utaishia kwenye ukuta wa jirani. Mwendee mapema, kwa hodi na salamu kamili, usimpelekee lawama. Mwambie, "Shikamoo mzee, nina mashindano ya redio Jumamosi na Jumapili, na chaja hii inanisumbua. Naomba tuibadilishe na hii mpya niliyokuletea." Chaja nzuri ni bei nafuu kuliko antena yoyote utakayoinunua.

Waya ulio juu unashinda mtambo ulio chini

Dipole ya waya inatosha. Gawa 143 kwa masafa yako ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa 14.2 ni kama mita 10, kwa 21.3 ni mita 6.7, kwa 28.5 ni mita 5. Kata mrefu kidogo, kisha upunguze ukiangalia mita ya SWR. Inua dipole ya mita 20 ifike angalau mita 10 kutoka ardhini. Chini ya hapo nguvu nyingi inapanda juu angani, nawe unataka ilale kuelekea Ulaya.

Ukiwa na nafasi ya dipole moja tu, jenga ya mita 40. Urefu wake ni karibu mita 20, na inafanya kazi mita 15 pia, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7. Tuna ya redio itamalizia. Waya mmoja, bendi mbili.

Ielekeze ipasavyo. Dipole inarusha zaidi pande zake mbili za ubavu. Ulaya kwetu iko kaskazini, ikiinamia magharibi kidogo, kwa hiyo ncha za waya ziangalie mashariki na magharibi. Marekani ya mashariki iko kaskazini-magharibi, inapata mgao wake pia.

Kama unaishi pwani, tumia bahari. Antena ya wima iliyosimama ukingoni mwa maji ya chumvi inarusha ishara chini kabisa ya upeo, jambo ambalo bara unahitaji mnara kulipata. Chukua mwanzi mrefu, funga waya wa mita 5 wima kwa bendi ya mita 20, na chini yake nyoosha waya mbili za mita 5 kila mmoja, zikiwa zimeinuliwa kutoka mchangani. Uliza wavuvi maji yatajaa hadi wapi, hasa kama wikiendi inaangukia bamvua. Weka mwanzi karibu na mstari huo kadiri unavyothubutu. Kutoka Bagamoyo, Tanga au Diani, antena hii ya bei ya chakula cha mchana itafika mbali bendi zikiwa zimechoka.

Soma jua kwa dakika tano

Ingia tovuti ya NOAA ya hali ya anga za juu. Unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni mnururisho wa jua, SFI. Ikiwa karibu na 70, jua limelala na bendi ya mita 10 itakuwa ngumu. Ikipita 150, bendi za juu ziko hai. Ya pili ni K, inayokwenda 0 hadi 9. Kuanzia 5 ni dhoruba ya sumaku.

Fanya na hili, wengi hawalifanyi. Jua linajizungusha kwa takriban siku 27. Rudi nyuma siku 27 kutoka Jumamosi ya mashindano uone K ilikuwa ngapi. Kama kulikuwa na dhoruba iliyotokana na tundu la korona, kuna uwezekano mzuri tundu hilo litakuwa limetugeukia tena. Ukijua mapema, panga.

Kisha fungua logi za miaka iliyopita. CQ World Wide huziweka hadharani kwenye tovuti yake. Tafuta stesheni za zoni 37 za miaka ambayo jua lilikuwa chini, kama 2008, 2009, 2018 na 2019. Angalia saa gani walikuwa bendi gani, na waliokuwa wakiwapata ni wa wapi. Chukua karatasi, chora saa 24 kwa UTC na kwa saa zetu, jaza bendi. Huo ndio mpango wako wa kuanzia, uliopimwa na watu waliokaa hapahapa ulipo.

Wikiendi yenyewe ikifika, tumia vinara vya NCDXF. Viko 18 duniani, na kimoja, 5Z4B, ni cha Kenya. Vinapokezana kwenye masafa yaleyale: 14.100, 21.150 na 28.200 kwa bendi zetu, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kinara kinatuma alama yake ya wito, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia mistari mitatu ya OH2B ya Finland, njia ya Ulaya ya kaskazini iko wazi hata kwa wati 1. Ukisikia mmoja tu, bendi ipo lakini itabidi uwe mvumilivu. Hujui CW? Ratiba ya vinara inafuata saa. Chapisha jedwali, weka saa yako sawasawa, utajua nani anatuma bila kusoma nukta hata moja.

Fuata saa

Huu ni mpango wa jua likiwa limelala. Urekebishe kwa logi ulizosoma.

Anza saa tisa usiku kwenye mita 40. Ulaya bado ni giza, pwani ya mashariki ya Marekani ni jioni, na njia zote mbili zimelala usikuni. Kwenye sauti, Wamarekani hawaruhusiwi kusema chini ya 7.125, nawe unaishia 7.200. Wasikilize katikati ya hapo. Shuka mita 80 kwa dakika kumi kila saa, uokote nchi mpya.

Kuchomoza kwa jua, karibu saa kumi na mbili, ni dakika za dhahabu kwenye 80 na 40. Kwetu ikweta mapambazuko ni mafupi. Jua linapanda haraka, na mlango unafungwa haraka. Usiwe unapika chai saa hizo. Thermosi iwe imejaa tangu saa kumi na moja.

Asubuhi panda mita 20, sikiliza Asia na Pasifiki, kisha Ulaya inapoamka, kuanzia saa tatu hivi, iite. Mita 15 ifuate kuelekea adhuhuri. Na hata takwimu zikisema mita 10 imekufa, nenda ukaisikilize. Njia za kaskazini–kusini zinabeba masafa ya juu kuliko za mashariki–magharibi, na mita 10 kutoka kwetu kwenda Ulaya ya kusini hufunguka siku ambazo Waingereza na Waswidi hawasikiani nayo kabisa. Ikifunguka, baki hapo hadi izime.

Alasiri saa kumi hadi saa mbili usiku ndiyo mavuno. Ulaya bado iko juu mita 15 na 20, na Marekani ya mashariki ni asubuhi. Usile, usipige simu, usipokee wageni. Ukichagua Classic, saa hizi nne za siku zote mbili ziandike kwanza kwenye karatasi.

Usiku Ulaya inahamia 40. Ifuate.

Sasa dharura mbili. Ukiona mchana bendi zote zimekata ghafla, kama mtu amechomoa antena, usipande mwembe kukagua waya. Huenda ni mlipuko wa jua. Unameza mawimbi upande wa dunia ulio mchana tu, nasi tulio chini ya jua la utosi tunaupata vizuri. Bendi za chini zinaumia zaidi na kupona mwisho. Kwa hiyo panda bendi ya juu kabisa iliyo hai na usubiri hapo. Mara nyingi ni dakika kadhaa hadi saa moja. Tumia muda huo kula.

Dhoruba ya sumaku ni tofauti, inaweza kukaa siku nzima. K ikipita 5, achana na Skandinavia, Kanada na pwani ya magharibi ya Marekani. Geukia Ulaya ya kusini, Mashariki ya Kati, Amerika ya Kusini, Afrika ya Kusini na visiwa vya Bahari ya Hindi. Madagaska, Reunion, Mauritius na Shelisheli ni zoni 39. Pointi zao ni 1 kila mmoja, lakini kila mmoja ni nchi mpya.

Ita zaidi, lakini pembeni

Vitabu vingi vya mashindano vinamwambia mwenye wati 100 awinde: apite bendi nzima akiwajibu wanaoita CQ. Ushauri huo uliandikwa kwa mtu wa Ohio au Ubelgiji, ambaye zoni yake inapatikana kila dakika. Wewe ni zoni 37. Watu wanakutafuta. Ita.

Usiite katikati ya msongamano. Nenda juu ya bendi, ambako kuna nafasi: 21.350 kwenda juu, 28.500 kwenda juu. Kwenye 20 kaa mbali na 14.300, watu wa dharura wanaitumia. Tafuta pengo la kilohezi mbili na nusu, uliza kama pana mtu, uliza tena, kisha anza.

Wito wako uwe mfupi. "CQ contest", alama yako mara mbili, "contest", nyamaza. Sikiliza sekunde mbili au tatu, rudia. Urekodi kwa sauti yako kwenye N1MM Logger+ na uubandike kwenye F1. Programu hiyo ni ya bure kwenye Windows, nayo itakuokolea koo. Ishara dhaifu ikija, koo lako ndilo litakaloijibu, si F1 iliyochoka.

Dakika kumi bila jibu, hama. Badilisha masafa kwanza, kisha bendi. Dakika kumi ni mpaka mzuri. Usijidanganye kwa ishirini.

Tamka alama yako kwa njia mbili. Anayekosa "Zulu" kwenye kelele mara nyingi anaipata "Zanzibar". Washindani wa dunia nzima hutumia Zanzibar kwa Z, ni neno refu lenye irabu wazi na linapenya. Mkenya wa 5Z4 atumie zote mbili, moja baada ya nyingine, mpaka asikike.

Ukisikia nusu ya alama, ijibu nusu hiyo. Umepata "Kilo Alfa" tu? Sema "Kilo Alfa, five nine, three seven". Yeye atajijua, wengine watanyamaza. Usiseme "nani tena?", wataita wote. Na mtu akikosa namba yako ya zoni, mpe hiyo tu: "three seven, three seven". Kumrudishia 59 ni kupoteza sekunde, kila logi duniani tayari imejaza 59.

Alama ya wito iandike ukiwa na hakika. Usipokuwa na hakika, iulize. Wakaguzi wanalinganisha logi yako na ya mwenzako, na alama iliyokosewa inakunyang'anya QSO pamoja na pointi za adhabu juu yake.

Kwa upande wa redio: zima priampu kwenye 40 na 80. Punguza RF gain mpaka kelele ya nyuma isikike kwa mbali tu, ishara zitabaki juu yake. Filta ya sauti ibane kutoka 2.4 hadi 1.8 kilohezi. AGC iwe ya haraka, ili mkwaruzo wa radi usiifunge redio na kumeza herufi inayofuata. Washa kompresa ya maikrofoni, kisha mwombe rafiki akusikilize Ijumaa. Ikisikika kama unasemea ndani ya pipa, ipunguze.

Unajua CW? Basi ya Novemba ndiyo yako. Filta ya hezi 500 inakata kelele nyingi ambazo sauti haiwezi kuzikwepa, na wati 100 zinafika ambako sauti haifiki.

Hesabu vizidishi kwa dakika

Hapa ndipo mtu mwenye bendi mbovu anaposhinda au kupoteza. Hesabu ni nyepesi, ifanye Jumamosi usiku.

Tuseme una QSO 600, karibu zote za pointi 3. Hizo ni pointi 1,800. Una vizidishi 150. Alama zako ni 270,000. QSO mpya ya kawaida itaongeza 3 mara 150, yaani 450. Kizidishi kipya kitaongeza 1,800. Kwa hiyo kizidishi kimoja ni sawa na QSO nne.

Kama unaita na kupata QSO 60 kwa saa, QSO nne ni dakika nne. Usiache kuita kwa ajili ya nchi moja yenye msongamano wa dakika kumi. Lakini bendi zikikupa QSO 20 kwa saa, kizidishi hichohicho kina thamani ya dakika 12. Sasa inafaa kumngojea yule wa Cape Verde mpaka akusikie. Bendi zikizidi kuwa mbaya, ndivyo muda wa kuwinda unavyozidi kulipa. Andika namba yako ya dakika kwenye karatasi, ibandike kwenye skrini, ibadilishe kila saa sita.

Usimdharau mtu wa nchi yako. Mtanzania akimpata Mtanzania kwenye bendi mpya, pointi ni sifuri, lakini anapata nchi moja na zoni moja. Vizidishi viwili. Kwa hesabu ile ni sawa na QSO nane. Wahimize wenzako wa klabu wawashe redio wikiendi hiyo. Kupanga saa na masafa mapema hairuhusiwi, ila mkikutana hewani bendi haina watu, mwombe mhamie bendi nyingine papo hapo. Wengi watakubali.

Kuhusu klasta, amua mapema. Ukijiandikisha bila msaada, usiifungue hata kuchungulia. Mimi naipendekeza hiyo bendi zikiwa mbovu. Taarifa nyingi za klasta zinatoka Ulaya na Marekani, na nusu ya wanaotajwa huwezi kuwasikia kutoka hapa. Utatumia usiku kufukuzia majina kwenye skrini wakati kuna watu hai wanaokuita.

Umeme, radi na mwili

Oktoba na Novemba ni vuli. Umeme utakatika, panga kama umeshakatika. Redio ya wati 100 inavuta kama ampea 20 inaporusha na ampea 1 hadi 2 inaposikiliza. Betri ya sola ya Ah 100 itumie nusu tu, nayo itakuvusha saa nyingi za usiku. Kompyuta iwe ya mapajani, yenye betri nzima. Jenereta liwe mpango wa mwisho, linarudisha kelele ulizohangaika kuziondoa.

Radi haina mjadala. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Zikiwa chini ya 30, imeshafika kilomita kumi au karibu zaidi. Chomoa kebo ya antena, itoe nje ya dirisha, chomoa redio ukutani, ondoka mezani. Rudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Walio kando ya Ziwa Viktoria, mnakojengeka mawingu makubwa usiku, wekeni nusu saa hizo kwenye mpango tangu mwanzo.

Lala. Ukiingia saa 48 zote, chukua vipande vya dakika 90 katika saa ambazo logi za zamani zinaonyesha ukame. Weka saa mbili za kukuamsha, moja mbali na kitanda. Lala Ijumaa tangu saa moja jioni. Saa nane zile kabla ya kuanza zina thamani kuliko zozote utakazoiba katikati.

Kula kidogo, mara nyingi: ndizi, mayai, karanga, uji. Sahani kubwa ya ugali saa saba mchana itakulaza bendi ya mita 15 ikiwa ndiyo kwanza inafunguka. Maji yawe upande wa pili wa meza, mbali na redio.

Waambie wa nyumbani mapema. Kama baba au mama yuko hapo, waombe ruhusa kwa heshima na uwaeleze ni saa gani hutainuka kitini. Nyumba inayojua kinachoendelea itakuletea chai.

Jumatatu

Nakili logi kwenye flashi kabla hujazima kompyuta. Lala kwanza, kisha ipitie: alama zinazoonekana za ajabu, zoni zisizolingana na nchi. Sahihisha makosa ya kuchapa uliyoyaandika kwenye daftari wakati wa mashindano, usiyoyakumbuka yaache. Kuangalia intaneti ili kurekebisha alama ya mtu hairuhusiwi. Itoe kama faili ya Cabrillo uitume kwenye tovuti ya mashindano. Una siku tano, hadi Ijumaa. Itume hata kama ina QSO 40. Logi ya zoni 37 inawasaidia wakaguzi kuthibitisha QSO za mamia ya watu wengine.

Wakati kumbukumbu bado mbichi, chukua ile karatasi ya saa 24 na kalamu ya rangi nyingine. Kila saa andika bendi uliyokuwa, QSO ulizopata, na K ya wakati huo. Ibandike ndani ya kifuniko cha daftari la redio. Matokeo yakitoka omba ripoti yako ya ukaguzi, uone ni herufi zipi ulizikosea mara nyingi. Zifanyie mazoezi kabla ya Oktoba.